Kitako cha darubini: kipande kimoja au viwili?
Mwenye bunduki ya uwindaji ya leseni hapa Mwanza anapotaka kufunga darubini, swali la kwanza ni kama kitako, yaani msingi unaofungwa juu ya bunduki ili kubeba pete zinazoshika darubini, kiwe cha kipande kimoja au cha vipande viwili. Cha vipande viwili ni chepesi na huacha nafasi ya kupakia risasi kwa juu, lakini vipande hivyo visipolingana, pete huipinda darubini. Cha kipande kimoja ni imara zaidi, nami hukipendelea, ingawa hubana vidole wakati wa kupakia.

Hata hivyo, kinacholegeza kitako cha aina yoyote mara nyingi ni mafuta. Kwa kuwa unyevunyevu wa ziwa huleta kutu, wengi wetu hupaka mafuta bunduki nzima, hadi ndani ya matundu ya skrubu. Humo ni lazima yafutwe kwa spiriti mpaka kijiti cha pamba kitoke cheupe, ndipo tone moja la gundi ya buluu ya kuzuia skrubu zisilegee liwekwe kwenye hesi, yaani mikunjo ya skrubu. Nyekundu iachwe, maana haifunguki kirahisi bila moto. Skrubu hizo ndogo hukazwa kwa takriban nyutoni-mita 2 tu, kwa kupokezana. Mkono wa haraka huzikata vichwa.