Programu za kusafisha sauti: ipi ununue kwanza

Kabla ya kutoa pesa, vaa hedifoni usikilize rekodi yako inaumwa nini. Mvumo wa feni unachujika. Mwangwi wa ukumbi mtupu ni kazi ngumu. Sauti iliyopasuka ni ngumu zaidi, maana vilele vya wimbi vimekatwa na hakuna kilichobaki cha kuchuja.

1. REAPER. Leseni ya mtu binafsi ni dola 60, na unaijaribu siku 60 ikiwa na uwezo wake wote. Tunaiweka mbele kwa anayerekodi mawaidha leo na kwaya kesho, kwa kuwa marekebisho hayagusi faili lenyewe: ukigundua kosa baada ya mwezi, unalitengua.

Silaha yake ni ReaFIR, kichujio cha kelele kilichomo ndani yake. Chagua Subtract (kutoa), weka tiki kwenye "Automatically build noise profile", cheza sekunde moja au mbili za kelele tupu, kisha ondoa tiki kabla mtu hajaanza kusema. Ukisahau, programu itadhani msemaji naye ni kelele, itammeza. Kwa hiyo kila rekodi ianze na sekunde tatu za ukimya.

Kwenye ReaEQ, zana yake ya kupandisha na kushusha masafa ya sauti, kata kila kilicho chini ya Hz 80 (mitetemo 80 kwa sekunde) kwa sauti ya kusema. Mvumo wa umeme ukibaki, punguza Hz 100 na 150 kwa mkanda mwembamba sana, yaani usiguse masafa ya jirani. Maelekezo ya Marekani hutaja 60 na 120, lakini umeme wa Tanzania na Kenya ni wa Hz 50, na ukifuata namba zao utaumiza sauti huku mvumo ukiendelea.

2. Audacity. Ni ya bure, na kwa podikasti ya watu wawili inatosha kabisa. Usishawishike kununua zaidi. Kwenye Noise Reduction (kupunguza kelele) chukua sampuli ya kelele, kisha anza kwa kuipunguza desibeli 6. Ukivuta hadi 24 utasikia miluzi midogo nyuma ya maneno: ni vipande vya kelele vilivyoponyoka kichujio huku vya jirani vikizimwa. Heri feni isikike kidogo. Athari hii hubadilisha wimbi moja kwa moja, basi hifadhi nakala kwanza.

3. iZotope RX. Ni ghali, inamfaa anayelipwa kuokoa rekodi za watu. De-clip, zana yake ya sauti iliyopasuka, hukisia vilele vilivyokatwa, na kwenye picha ya masafa unaweza kufuta honi moja katikati ya sentensi. Matoleo yake hayana zana sawa; hakikisha unayoitaka imo. Bei hushushwa mara kwa mara, usikimbilie bei kamili.

4. Huduma za mtandaoni za akili bandia. Kwa hotuba zinashangaza. Kwa muziki ziache: zimefundishwa kutafuta sauti ya msemaji, kwa hiyo ngoma na kayamba huhesabiwa uchafu. Tena hesabu bando: saa moja ya WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya mono, yaani njia moja ya sauti, biti 16, sampuli 48,000 kwa sekunde, ni takriban MB 346 za kupakia.