Uzoefu wangu: hema la juu ya gari au hema la chini, Mlima Elgon

Kama unapanga kukodi gari lenye hema juu ya paa uende nalo Mlima Elgon, msimamo wangu ni huu: gari lipe pesa yako yote, hema fikiria mara mbili. Tulitoka Kisumu na mahema ya aina zote mbili. Mimi na watoto tulilala juu ya gari la kukodi, Land Cruiser; shemeji na mkewe wakalala kwenye hema lao la kawaida, hatua chache kutoka tulipoegesha. Mlima ule ule, mvua ile ile, baridi ile ile. Kwa hiyo ninachoandika hapa nimekilinganisha kwa macho yangu na mgongo wangu.

Kuna wanaoulizia yale magari makubwa yenye kitanda, jiko na choo ndani, tunayoyaona kwenye video za Marekani. Yale yametengenezewa kambi ambazo kila nafasi ina umeme wa kuchomeka na bomba la maji. Ndani ya hifadhi ya Elgon unapiga kambi kwenye nyasi, chini ya miti, na mambo yako unajipangia mwenyewe. Pale gari la 4x4 lisilo refu sana ndilo la maana.

Barabara haina shida kwa sehemu kubwa. Kisumu, Kakamega, Webuye, Kiminini, Kitale, lami tupu, kisha Endebess. Baada ya hapo ni udongo hadi lango la Chorlim, na ikinyesha udongo ule unateleza vibaya. Hapa ndipo nilipoelewa maneno ya kijana aliyetukabidhi gari: "Mama, kwenye kona usikimbize, hili limebeba mzigo kichwani." Hema la aina hii pamoja na fremu yake laweza kufika kilo 60, na uzito huo uko juu kabisa, mahali pabaya kwa gari linalopita kwenye makorongo. Tuliiweka gia ya 4x4 mapema, tukaenda polepole, tukafika salama. Gari lenyewe sina neno nalo. Tairi za akiba mbili, jeki nzima, koleo, kamba ya kuvutia, vyote vilikuwepo na vyote nilivikagua kabla ya kuondoka.

Ada za hifadhi hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa serikali wa huduma na malipo, si kwa noti langoni. Zimalize mkiwa Kitale, mkinunua mboga na mkaa, kwa sababu mtandao wa mjini ni wa uhakika. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, basi msichelewe sokoni.

Sasa usiku. Mtu wa Kisumu amezoea kulala na shuka moja kwenye mita 1,100 na kitu. Elgon unaanza kulala juu ya mita 2,000, na joto hupungua kama nyuzi sita kwa kila mita 1,000 unazopanda. Jua likishazama, usiku ni mrefu. Kwenye hema la juu ya gari baridi haikutoka pembeni kama nilivyotarajia, ilitoka chini. Lile godoro lililokuja na hema lilikuwa sponji jembamba, na chini yake kuna ubao ambao upepo unapita huku na huku usiku kucha. Mfuko wa kulalia hausaidii upande huo, kwa maana uzito wa mwili unaubana na ile hewa inayohifadhi joto inatoka. Niliwafunika watoto kwa blanketi mbili, halafu nikazitoa juu yao na kuzitandika chini yao. Wakalala.

Alfajiri nilimulika tochi darini. Matone yalikuwa yamejipanga kwenye mshono wote, na moja lilikuwa linaning'inia juu kabisa ya kipaji cha kitinda mimba wangu. Si mvua ile, ni pumzi zetu. Watu watatu kwenye hema dogo, madirisha yote yamefungwa kwa kuogopa baridi, mvuke hauna pa kwenda. Usiku uliofuata niliacha dirisha la juu wazi kiasi cha vidole vinne na hali ikawa nafuu sana.

Shemeji kule chini alikuwa ametandika turubai, juu yake blanketi kuukuu, juu yake godoro nene la nyumbani. Waliamshwa na mbega tu, ambao wakianza kunguruma alfajiri hakuna atakayeendelea kulala. "Shemeji, karibu huku kwa wenye nyumba ya chini," akaniita, na mkewe tayari ameshaweka chai.

Kitu kilichonichosha kuliko vyote ni kukunja. Gari likiwa ndilo nyumba yako, kila safari ya kwenda kutazama kitu unabomoa nyumba. Tulitaka kwenda mapangoni, tukalikunja hema likiwa bado bichi kwa umande, godoro na blanketi ndani. Jioni tulilifungua tukakuta matandiko yana unyevu. Zipu ya kifuniko cha mvua nayo ilikuwa imelegea, ikawa inahitaji kubanwa kwa vibanio vya nguo. Na ngazi! Mtoto akitaka kukojoa saa nane za usiku unashuka naye kwenye vyuma vilivyolowa, gizani, katika msitu wenye nyati. Wekeni ndoo yenye kifuniko.

Mapishi nayo yana yake. Kwenye mita 2,300 hivi maji huchemka kwenye nyuzi 92, hivyo maharagwe yatakula gesi yako yote bila kuiva. Chemsheni maharagwe au githeri nyumbani, huko mkaange tu. Meko ya kilo sita, ule mtungi wa gesi wenye jiko juu yake, ilitufaa kuliko vile vikopo vidogo vya butani, ambavyo baridi ikikaza moto wake unafifia. Na nawasihi, hasa wenye watoto: jiko la makaa lisiingie ndani ya hema hata kwa dakika, hata kama baridi imewazidi. Hewa yake yenye sumu haina harufu wala rangi, na mtu hulala asiamke. Moto ubaki nje. Chakula nacho kirudi ndani ya gari kabla ya kulala, askari wa hifadhi alitupitia jioni akasema kwa ufupi, "Chakula chote garini, mama, hata chumvi."

Chumvi ndiyo habari ya mlima huu. Ndovu wa Elgon huingia kwenye pango la Kitum, linalokwenda kama mita 200 ndani ya mlima, wakachimba kwa pembe zao miamba yenye madini ya chumvi. Alama za pembe zipo ukutani, mistari mirefu. Nimeyaona mengi nchini humu, hilo ni la kipekee. Lakini mwaka 1980 na mwaka 1987 watu wawili waliokuwa wametembelea Kitum walipata ugonjwa wa Marburg na kufariki, na virusi hivyo hubebwa na popo wa mapangoni. Mimi na watoto tuliishia mdomoni mwa pango, hatukugusa kinyesi wala kuta, tukanawa mikono tuliporudi. Sijutii hata kidogo. Kutoka pale mdomoni ukiangalia maji yanavyodondoka mbele ya pango na msitu ukianza hapo hapo, inatosha.

Wanaotaka kilele cha Koitobos, mita 4,222, ni safari nyingine kabisa na vifaa vingine. Sikuwafikisha watoto huko.

Tuliporudisha gari nilimweleza yule kijana kuhusu zipu na sponji, akaandika kwenye fomu mbele yangu. Hema la juu ya gari nalipendekeza kwa watu wawili wanaohama kila siku, leo Elgon, kesho Kapenguria, na wanaotaka kulala juu ya tope msimu wa mvua. Familia itakayokaa kambi moja, kodini gari lile lile bila hema, mpunguziwe bei, mje na hema la chini na magodoro ya nyumbani. Sisi tumeshakubaliana kurudi Januari, kiangazi, na hivyo ndivyo tutakavyolala. Na kabla hujalipa, ombeni hema lifunguliwe pale pale uwanjani, mvute zipu zote, mlale juu ya lile godoro dakika tano.