Kingamwili au seli T: zipi hukikabili kimelea kilichojificha ndani ya seli?

Mkazi wa Nairobi akienda Kisumu likizoni akaumwa na mbu mwenye malaria, kingamwili, yaani protini za damu zinazonasa vijidudu, ndizo zenye nafasi ya kwanza. Hunasa vimelea vikiwa bado njiani kuelekea kwenye ini. Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2019, hutegemea sana njia hii. Ila kimelea kikishazama ndani ya seli, kingamwili hazikifikii tena.

Hapo ni zamu ya seli T, aina ya chembe nyeupe za damu. Seli ya ini iliyoambukizwa huanika juu ya utando wake vipande vya protini ya kimelea. Seli T za kuua huvitambua na kuiangamiza. Chembe nyekundu za damu hazina kiini wala hazianiki vipande hivyo, kwa hiyo malaria ikifika huko kingamwili hurudi kazini.

Kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaosumbua Baringo na Turkana, ni habari nyingine kabisa. Kimelea chake huishi ndani ya makrofaji, seli ya kinga inayomeza vijidudu, ile ile iliyokimeza ikikiwinda. Mgonjwa huwa na kingamwili tele, hata kipimo cha haraka hutafuta hizo hizo, na bado anazidi kukonda, wengu ukivimba. Kinachomwokoa ni seli T saidizi kutoa interferoni gama, protini ya kuziashiria seli nyingine, makrofaji zikaamka na kutengeneza oksidi ya nitriki inayoua kimelea. Ndiyo maana kwa mwenye VVU, virusi vinavyoangamiza seli T saidizi, ugonjwa huu hurudi hata baada ya tiba.

Kwa kala-azar, mimi nataka chanjo inayoamsha seli T, ingawa kingamwili ni rahisi zaidi kupima.