TLP kwenye laptopu ya mtumba: inaokoa betri, haifufui iliyokufa

Laptopu nyingi za mitumba zinazouzwa Kampala huja na betri iliyochoka, na mwenye nayo akiweka mfumo endeshi wa Linux huilaumu Linux. Pima kwanza. TLP ni programu ya bure ya kuokoa betri kwenye Linux. Kwenye Ubuntu, fungua dirisha la amri (terminal) uandike: sudo apt install tlp, kisha sudo tlp start. Halafu andika sudo tlp-stat -b ulinganishe energy_full (chaji ambayo betri inaweza kubeba sasa) na energy_full_design (iliyobeba ikiwa mpya). Ya kwanza ikiwa chini ya nusu ya ile ya pili, nunua betri nyingine. Hakuna programu itakayoiponya.

Usiiache TLP ifanye kazi pamoja na power-profiles-daemon, huduma ya Ubuntu ya kusimamia matumizi ya umeme. Zinagombania mipangilio ileile.

Uzuri wa TLP hasa uko kwenye kikomo cha chaji. Kwa ThinkPad (laptopu za Lenovo), fungua /etc/tlp.conf, ondoa alama ya # na uandike START_CHARGE_THRESH_BAT0=75 na STOP_CHARGE_THRESH_BAT0=80, yaani chaji ianze ikishuka chini ya 75% na isimame ikifika 80%. Betri ya lithiamu ikikaa 100% kwenye joto huchakaa upesi. Chaji ikisimama 80% si hitilafu, ingawa wengi hudhani hivyo na kukimbilia kwa fundi. Na kwa kuwa umeme hukatika, ukisikia tangazo la kukatwa kesho, tumia sudo tlp fullcharge leo jioni, ijae hadi 100% kwa muda. Amri hiyo peke yake inatosha kuipenda TLP.

TLP isichotibu ni betri kuisha usiku kifuniko kikiwa kimefungwa. Andika cat /sys/power/mem_sleep. Ukiona [s2idle], yaani usingizi mwepesi, ingia BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowaka). Baadhi ya ThinkPad zina chaguo la Sleep State: weka Linux.