Kujalidi vitabu vya Guillain Dodoma: uzi, si gundi

Anayetaka kumsoma Charles Guillain kwenye karatasi, huduma ya kuchapa na kujalidi karibu na Soko la Majengo inafaa. Mshono wao ni imara kweli na pembe zimenyooka, ila maelekezo yatoke kwako.

Guillain, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, alizunguka pwani yetu na meli ya Ducouëdic kati ya 1846 na 1848 akichunguza biashara na siasa za himaya ya Sayyid Said. Kuanzia 1862 alikuwa gavana wa New Caledonia. Vitabu vyake kuhusu safari hiyo ni Kifaransa kitupu, lakini ni hazina ya maarifa.

Majuzuu ni matatu, manene. Agiza yashonwe kwa uzi: kiangazi cha Dodoma hukausha gundi, mgongo ukapasuka na kurasa zikachomoka. Waache sentimita 2 upande wa mshono, la sivyo maneno yatamezwa. Karatasi ya gramu 80 yatosha kwa maandishi. Picha za albamu inayoambatana na majuzuu hayo zichapwe upande mmoja, gramu 120 au zaidi, wino usipenye.

Ramani zikague kabla ya kuchapa. Nakala za mtandaoni mara nyingi zilipigwa picha ramani zikiwa zimekunjwa, nusu ya pwani haionekani.