Unafuata mzigo Dubai? Mitaa ya kulala kwa bei nafuu, kuanzia bora mpaka ya kuepuka

Dubai ukitaja hoteli watu wanawaza maghorofa ya Marina na Burj Khalifa, lakini kwa sisi tunaofuata mzigo Dubai ni Deira, upande wa masoko ya zamani, na Deira vyumba vya bei nafuu viko vingi tu. Shida ni kwamba wengi wanaangalia ile bei ya kwanza kwenye apu, wanabuku, alafu hela yote waliyookoa kwenye chumba inaishia kwenye taksi. Mimi naanza na mtaa, hoteli baadae.

Kabla ya mitaa, tuongelee kodi kwanza maana hapa ndo watu wanaumia. Bei ya kwenye apu mara nyingi haijajumlisha makato. Dubai chumba kinabeba asilimia 10 ya huduma, 7 ya manispaa na VAT asilimia 5, alafu kuna Tourism Dirham, ada ya utalii, hii ilianza 2014, unalipa kwa kila chumba kila usiku, dirham 7 kwa hoteli za chini kabisa, nyota 3 ni dirham 10, nyota 5 ni dirham 20, na mara nyingi unadaiwa pale mapokezi ukishafika umechoka na mabegi. Sasa chukua chumba cha nyota 3 kilichoandikwa dirham 150, ukilala usiku 5 umeongeza zaidi ya dirham 200 ambazo hukuzipangia, hiyo ni kama dola 54, kago ya kilo kadhaa hiyo. Kwa hiyo linganisha bei ya mwisho na bei ya mwisho, sio ile ya kwenye picha.

Namba moja kwangu ni Al Rigga, na sibishani na mtu hapa. Mtaa uko kwenye metro ya laini nyekundu, laini hiyohiyo inapita Terminal 1 na Terminal 3 za uwanja wa ndege, kwa kadi ya Nol ya silver, ile ya kulipia usafiri, unalipa dirham 3 tu umefika, wakati taksi ya uwanjani mita inaanzia dirham 25 gari halijaondoka hata. Stesheni inayofuata ni Union, pale laini nyekundu na ya kijani zinakutana, yani unaenda popote. Chakula kipo mpaka usiku, cha Waarabu, Wahindi, Wafilipino, na barabara ina watu muda wote hivyo dada anayesafiri peke yake anatembea bila wasiwasi. Kama hujui uchague ipi na hutaki kubahatisha, Ibis, Premier Inn na Rove wote wana hoteli upande wa Deira au karibu na uwanja, vyumba ni vidogo ila visafi na unajua unachopata. Angalizo, Jumapili metro inaanza saa 2 asubuhi, na ndege zinazotua Terminal 2 hazina hiyo laini nyekundu, hapo panga taksi mapema.

Namba mbili Naif na Baniyas Square. Hapa ni bei chee kuliko Al Rigga na uko katikati ya soko kabisa, nguo, vipodozi, simu, maajenti wa kago wa kwenda Dar na Mombasa wako mlangoni, unanunua unapandisha chumbani unashuka tena. Kwa mtu wa mzigo wa Deira peke yake pengine hii ndo namba moja. Kwanini nimeiweka ya pili? Kelele na ubora. Kuna hoteli zina klabu chini zinapiga muziki mpaka usiku mwingi, kuna vyumba havina dirisha, kuna lifti moja kwa jengo zima na wewe una mabegi manne. Soma maoni ya wateja ya miezi ya karibuni tu, tafuta watu walioandika kuhusu kelele, kunguni na maji ya moto, alafu omba chumba cha ghorofa ya juu chenye dirisha.

Namba tatu Bur Dubai, ng'ambo ya Creek, mkono wa bahari unaoitenga na Deira, maeneo ya Meena Bazaar. Panafaa kama unachukua vitambaa, na ukitaka Deira unavuka na abra, boti ndogo ya abiria, kwa dirham 1. Pametulia kidogo, hoteli apatimenti zenye jiko zipo, mkiwa watatu wanne mnapika wenyewe na gharama inashuka sana.

International City naiweka ya nne, na ni kwa mtu wa Dragon Mart tu, soko kubwa la bidhaa za China, vigae, taa, fenicha. Metro haijafika huko bado, ukilala kule alafu kila siku ukaja Deira umejitesa.

Al Barsha ni pazuri, ila uko mbali na soko, metro kwenda na kurudi Union ni dirham 15 kwa siku. Wanaokwenda matembezi wapachukue.

Sharjah watu wanaisifia kwa bei, na kweli ni rahisi, ila foleni ya asubuhi kuingia Dubai inakula muda wako wa kununua. Mimi simshauri mtu mwenye siku chache.

Bed space ya kwenye magrupu ya WhatsApp, kitanda kwenye chumba cha watu nane, tafadhali achana nayo. 2025 manispaa ilifanya msako mkali wa nyumba zilizogawanywa kwa mbao, Al Rigga na Al Barsha zikiwemo, na ni hatari moto ukitokea, na wewe umebeba hela za mtaji.

Ukiweza nenda Juni mpaka Agosti, joto ni kali ila bei zinashuka sana, Desemba na Januari zinapanda. Buku ile ya kughairi bure, alafu mpigie mwenye hoteli umuulize bei ya moja kwa moja, na muulize dipoziti ni kiasi gani na kama wanapokea keshi, kuna wanaotaka kadi tu. Risiti ya dipoziti itunze mpaka siku ya kutoka.