Damu inajaa tumboni, wao wanapima taifodi

Ni tangu msimu ule wa mvua, na bado nikipita jirani na hospitali ile moyo unanienda mbio. Ni ya binafsi, hapa hapa Dar es Salaam. Jina naliacha.

Mdogo wangu tumbo lilimkamata ghafla alfajiri, chini upande wa kushoto, akajikunja sakafuni. Tulipofika, daktari hakumgusa hata hilo tumbo. Macho kwenye kompyuta, akaandika: malaria, Widal (kipimo cha damu cha taifodi), mkojo, choo. Choo! Mtu anatoka jasho la baridi, homa hana, anapewa kikopo.

Nikamuuliza kwa adabu, "Dokta, na kipimo cha mimba?" Akajibu bila kuinua uso: "Amesema juzi ameona siku zake. Kwani wewe ndiye daktari?"

Neno hilo halijanitoka mpaka leo. Mimi si daktari, lakini jirani yetu yalimkuta. Mimba ikitunga nje ya mfuko wa uzazi huleta matone ya damu, mwanamke akadhani ni hedhi. Kipimo chenyewe ni mkojo na dakika tano, na mkojo walikuwa wameshauchukua! Baba yetu mdogo alipobanwa tumbo la juu, kwenye kituo kingine walianza na kipimo cha moyo, maana shambulio la moyo nalo huweza kujitokeza kama maumivu ya tumbo. Wale walimtazama mgonjwa kwanza.

Tukalipa, tukakaa kwenye benchi weee. Majibu: "taifodi kidogo". Widal moja haithibitishi taifodi. Inaweza kusoma hata kwa ugonjwa uliopita zamani. Akaandikiwa dawa, turudi nyumbani.

Tunainuka, mdogo wangu akasema bega linamuuma. Muuguzi mmoja mtu mzima alikuwa anapita, akasimama palepale. Akamshusha kope akatazama weupe, akamshika mapigo, akatumbukiza kijiti kwenye mkojo ule ule. Mistari miwili: ana mimba. Hakuuliza risiti, alisukuma kitanda mwenyewe hadi ultrasaundi. Damu ilikuwa imejaa tumboni. Alinieleza baadaye kwamba ndiyo huchokoza kiwambo chini ya mapafu, maumivu yakatokea begani. Mimba ilitunga kwenye mrija wa uzazi, na mrija ulikuwa umepasuka. Wakampasua muda huo huo, na yu hai.

Nilianza kuandika nikitaka kusema msikanyage pale. Nashindwa, maana yule mama yupo pale, na waliompasua walifanya kazi ya kweli. Basi nendeni, ila mwanamke akiwa na tumbo la ghafla dai kipimo cha mimba kabla ya kingine chochote, hata wakikununia. Hapana, nikikumbuka lile benchi narudi nyuma: kama yule muuguzi angekuwa likizo siku ile? Msiende. Risiti ninayo, Widal tumeilipia, na yule daktari hajaja hata wodini kumpa mdogo wangu pole.